Vidonge Ulivyoniachia Uchochoroni

Bosco,

Sianzi kwa kukuita rafiki yangu, leo neno hilo linanikwama. Nimekaa barazani kwangu, mguu uko kwenye cherehani lakini sishoni. Nina hasira na wewe tangu siku tuliyokuzika. Nilidhani arobaini ikipita zitapoa, hazikupoa. Padri wenu alituambia makaburini kwamba marehemu hasemwi vibaya. Basi mimi ni Mwanglikana, nakusema.

Uchochoro wa Ghala umekufa. Nakwambia wewe kwanza kwa sababu ulikuwa wako. Ulipostaafu ukarani wa ghala la kahawa, watoto walitaka urudi Matiri ukalime, ukawajibu kwamba shambani hakuna uchochoro. Ukajipa kazi ambayo hakuna aliyekupa, ya kuwatembeza wageni mjini Mbinga kila Jumamosi mchana, fimbo mkononi na sweta la kijani hata jua likiwaka. Walimu kutoka Songea, vijana wa mafunzo, mtu yeyote aliyeshuka kwenye basi akiwa na sura ya kupotea, ulimkamata. "Mji huu hausomwi barabarani," ulikuwa ukiwaambia. "Unasomwa uchochoroni."

Na walikusikiliza. Ulianzia ngazi za ghala, ukawainamisha waone mabonde yaliyochimbwa na miguu ya wabebaji magunia. Ukawapeleka pale ulipopaita Kona ya Sweta, ukawaambia ndipo watu wa milimani waliponunua sweta zao za kwanza kahawa ilipolipa. Sijui kama ni kweli. Nilikuuliza mara moja, ukaniambia Mnyasa wa ziwani kama mimi anajua nini kuhusu baridi. Kisha dukani kwa Mzee Salum, mwenye milango ya mbao inayokunjwa, ambaye babu yake alitoka pwani ya Kilwa na majora ya kitambaa, naye akawapa kahawa ya tangawizi kwenye vikombe vidogo. Ukapita kwangu, ukawaonyesha cherehani yangu kama vile ni ya makumbusho, na mimi nikakutukana kidogo ili wageni wacheke. Mwisho wa safari daima ulikuwa kilabuni kwa Mama Tarsila, chini ya bati lake, kwenye mabenchi yale marefu.

Sasa watu wanazunguka kwa barabara kubwa. Hata akina mama wanaouza usipa, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikaa na beseni zao pale kwenye mdomo wa uchochoro, wamehamia stendi. Mlango wa kilabu umeandikwa kwa mkaa neno ambalo sitaliandika hapa. Mzee Salum anafungua bawa moja tu la mlango, anakaa ndani gizani na redio yake.

Na yote haya ni kazi yako, Bosco.

Unakumbuka vile wageni walivyokuwa wakishangaa Mama Tarsila akifungua pipa jipya la komoni, pombe yake ya mahindi. Anachota kata ya kwanza, anakunywa yeye mwenyewe, watu wote wanamtazama koo linavyopanda na kushuka, kisha ndiyo anakupa wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaeleza kwamba kwetu mpika pombe asipoonja kwanza, hakuna mkono utakaoinua kopo. Ni kama anasema, ikiwa kuna sumu humu, na ianze na mimi. Uliwaeleza vizuri mpaka wengine wakaandika kwenye daftari.

Kwaresima hii Mama Tarsila aliweka nadhiri. Mjukuu wake alikuwa akiumwa, akamwahidi Mungu kwamba hatagusa pombe mpaka Pasaka. Kuuza atauza, kwa kuwa ndiyo kazi yake, lakini midomoni haitafika. Siku ya pipa la kwanza watu wakakaa wanatazamana. Kiu ipo, lakini nani aanze? Mama wa watu akaanza kuinamisha uso, nikaona anakaribia kuvunja nadhiri yake ili wateja wasiondoke. Hapo ukasimama wewe, umetoa kifua. "Mama, funga yako," ukasema. "Ulimi wangu upo." Kilabu kizima kikapiga makofi. Tangu siku hiyo kila pipa likifunguliwa, wewe ndiye mwonjaji.

Mimi sikupiga makofi. Vidonge vyako vilikuwa kwenye droo ya cherehani yangu.

Nani mwingine alijua? Hakuna. Mwaka jana, miezi ya baridi, ulipoishiwa nguvu kwenye ngazi za ghala, ni mimi niliyekupakia kwenye pikipiki nikakupeleka hospitali. Daktari hakuzunguka. Alisema presha yako imepanda vibaya, umeze dawa kila siku maisha yako yote, upunguze chumvi, na pombe uiage. Tulipotoka getini ukanishika mkono. Shemeji Anna, mkeo, asijue. Akijua atawaambia watoto, watoto watamwambia kaka yako, na kaka yako atakuja na gari akupakie kama gunia akupeleke Matiri. Ukaniapisha kwa kaburi la mama yangu kule Ngumbo. Mama yangu, Bosco! Ulijua ni kitu gani kitanifunga mdomo, ukakitumia.

Na mimi mjinga nikaapa. Ukawa unakuja asubuhi, unafungua droo mwenyewe, unatafuta bahasha yako katikati ya vifungo na bobini, unameza na chai yangu. Mwezi wa kwanza hukukosa. Mwezi wa pili ukaanza kulalamika kwamba vinakuamsha usiku kukojoa. Baadaye ukawa unapita barazani unanipungia fimbo tu, droo huitazami. Nilikukumbusha mara ngapi? Ukaniita nesi. Ukaniuliza kama Wanyasa wote ni waoga au ni mimi tu, na nikacheka. Hilo la kucheka ndilo linalonitafuna. Ningekukamata shingo nikakumezesha, lakini nilicheka.

Ile Jumamosi ulikuwa na wageni wawili, mke na mume. Uliwatembeza vizuri kuliko siku zote, mpaka nikakuonea wivu. Pipa likafunguliwa, ukachota, ukanywa, ukafuta midomo, ukawageukia kutaka kuwaeleza ile habari ya sumu. Ukasema, "Sasa, kwetu sisi..." ukaanguka. Kata ikaviringika mpaka miguuni kwa Mama Tarsila. Hukuamka tena.

Umeona ulichofanya? Mwonjaji ameonja, mwonjaji amekufa, na mwenye pombe siku hiyo hakuonja. Nani angehitaji ushahidi mwingine? Pipa lilimwagwa kabla sijakufumba macho. Jioni ile ile mji ulishapata jibu: ndiyo maana alisingizia nadhiri, kumbe alijua kilichomo. Watu waliokunywa komoni ya yule mama miaka nenda miaka rudi, aliowapikia kwenye misiba yao, waliowaita watoto wao kwa jina la binti yake, ndio waliokuwa wa kwanza kumnyooshea kidole. Kaka yako alisimama kwenye mazishi yako akasema hadharani kwamba damu yako ina mwenyewe. Mama Tarsila alikuwa amekuja na unga kwenye beseni, kama desturi. Waliukataa. Nilimwona akijitwika unga wake tena na kuondoka nao, peke yake, kwenye ule mteremko wa makaburi.

Nami nilikuwa pale na koleo mkononi. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba kiapo ni kiapo. Nilijiambia Anna ana majonzi ya kutosha. Lakini tusidanganyane, wewe umekufa na mimi nimechoka. Niliogopa wataniuliza, wewe uliyejua, mbona ulikaa naye benchi moja ukimtazama anakunywa?

Wiki mbili baadaye Mama Tarsila alikuja barazani kwangu na kitambaa. Alitaka gauni la Pasaka. Mafundi wawili wa kule sokoni walikataa hata kukishika. "Shikamoo, mama," nikamwambia. "Marahaba, fundi. Wewe je, unaniogopa?" Nikamwambia siogopi. Nikachukua futi nikampima mabega, nikampima kiuno, amekonda. Nikafungua droo kutafuta chaki, bahasha yako iko pale, jina lako limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Nikafunga droo. Nikamwambia aje Alhamisi.

Wiki mbili baada ya Pasaka mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao, Jumapili, baada ya misa. Watu walijaa mpaka barabarani. Ukoo wako ulitoka Matiri na madai mawili, ama Mama Tarsila ahame mjini, ama aletwe mganga wa kupiga ramli. Kaka yako alisema, "Ndugu yetu alionja, akaanguka. Mnataka mwambiwe na nani?" Watu wakaitikia. Mama Tarsila alikuwa amekaa chini na gauni nililomshonea mimi. Alipoulizwa ana la kusema, alisema moja tu. "Ningevunja nadhiri yangu siku ile ningekuwa na amani. Sasa hata kusali nashindwa, nasikia kama ni Mungu aliyenichongea."

Bosco, hapo nikakuchukia. Sijawahi kukuchukia miaka yote tuliyozunguka pamoja vichochoro hivi, hata siku ile Mbamba Bay uliponiaibisha mbele ya wajomba zangu kwa kuvaa sweta ufukweni na kukataa kuingia mtumbwini. Lakini pale nilikuchukia, maana nilikuona umelala umetulia huku mwanamke wa watu anaogopa kusali kwa ajili ya ubishi wako.

Nikasimama. Nikatoa mfukoni bahasha yako niliyokuwa nimekuja nayo, nikaiweka mezani kwa mwenyekiti, nikasema yote. Hospitali, daktari, kiapo, vidonge vilivyobaki. Sauti ilinitoka vibaya, nilikuwa napiga kelele kama ninagombana na mtu. Nilikuwa nagombana na wewe.

Anna aliinuka, akachukua ile bahasha, akasoma jina lako. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Aliniambia, "Ningempunguzia chumvi, shemeji. Basi. Mlidhani ningemfanya nini?" Akakaa. Hukumjua mkeo, Bosco. Ulimwogopa bure mtu ambaye angekupunguzia chumvi tu.

Kikao kiligeuka. Ghafla kila mtu alikuwa anajua zamani. "Sisi tulisema, presha ile." Walewale. Mmoja wao nina hakika kabisa mkaa ule mlangoni ni wa jiko la mkewe. Kaka yako alinigeukia mimi, akaniita muuaji wa kimyakimya, na hakuwa mbali na kweli. Mwenyekiti akatangaza kwamba Mama Tarsila hana kosa, kilabu kifunguliwe, watu wasalimiane. Wakapiga makofi tena. Mji huu unapenda makofi.

Nilimfuata Mama Tarsila alipokuwa akitoka, nikidhani atanishukuru. Niamini, nilidhani hivyo. Akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Fundi, hivyo vidonge vilikuwa kwenye droo hiyo hiyo ya chaki?"

Nikasema ndiyo.

"Siku uliyonipima?"

Nikasema ndiyo.

"Ulinishika kiuno ukaona nilivyoisha, ukanyamaza." Hakupaza sauti. Angepaza ningepumua. "Hawa wengine hawakujua. Wewe ulijua."

Kesho yake aliondoka na magunia mawili ya vyombo, akaenda kwa Tarsila, binti yake, aliyeolewa Chiwanda. Walimsihi abaki, hata waliokataa unga wake walimsihi. Akawaambia hana deni na mtu ila amechoka na uchochoro. Kwa hiyo kilabu kimefungwa, na neno la mkaa nimelisugua kwa maji na mchanga siku mbili, bado linasomeka ukijua pa kutazama. Jumamosi iliyopita walikuja wageni wanakuulizia. Nikawafikisha kwenye ngazi za ghala nikashindwa kuendelea, nikawaacha wamesimama pale. Nilishindwa kwa sababu ningefika mwisho wa uchochoro na ningeulizwa huyu mama yuko wapi.

Nilianza barua hii ili nikutukane, na nimekutukana, na bado unastahili zaidi. Ulidanganya mke wako, ulinifunga mdomo kwa jina la mama yangu, ulijitolea kuonja pombe uliyokatazwa ili upigiwe makofi. Lakini wiki sita zile nilizonyamaza hukuwepo. Wewe ulikuwa udongoni, na mwenye mdomo nilikuwa mimi. Hilo sina wa kumtupia.

Kwa hiyo nakuaga, Bosco. Kiapo chako nimekivunja na sikuombi radhi. Kesho napanda gari la asubuhi hadi Mbamba Bay, kisha nitafute pikipiki ya Chiwanda. Naahidi jambo moja: nikifika mlangoni kwa Tarsila sitataja jina lako, wala kiapo, wala mama yangu. Nitamwambia yule mama kwamba nilijua na niliogopa. Akinifukuza nitarudi wiki ijayo, na ile nyingine.

Wewe lala. Mimi ninayemwomba msamaha yuko hai, na sijui kama atanipa.

Alban