Mama, Ulichosema Sicho Nilichoandika

Mama mpendwa,

Sijatulia tangu Jumanne. Nimechonga penseli zote, nimehamisha kiti kutoka dirishani hadi mlangoni kisha nikakirudisha, nimechemsha chai mara mbili na kuisahau mara mbili. Unajua chai yangu ilivyo, ya maziwa mengi, iliyopoa mpaka ikafanya utando, ile uliyokuwa ukisema ni ya paka. Leo hata hiyo hainishuki.

Jumanne alikuja msichana wa gazeti kutoka Nairobi na tepu rekoda yake, kuniuliza ninatoa wapi hadithi zangu za mapenzi. Wameanza kuja, mama, tangu kitabu cha tatu. Akaniuliza napenda maua gani. Nikasema waridi. Uongo mtupu, hapa Zombe waridi nimeliona kwenye kalenda tu. Ninachopenda ni muthokoi wa jana, mahindi ya kukoboa na maharagwe, ulioliwa baridi kutoka kwenye sufuria, na harufu ya petroli. La petroli sikumwambia, maana ningelazimika kumweleza habari za baba na kile kituo cha mafuta cha Mtito Andei alichofanyia kazi hadi akazeeka.

"Basi nani alikufundisha mapenzi?" akauliza.

Nikajibu bila kufikiri, "Barua za wazazi wangu."

Baba alikuwa ameketi nje, karibu na mlango. Macho yake siku hizi yanaona mwanga tu, lakini masikio ni yale yale. Msichana alipoondoka, baba akacheka, kicheko kisicho na raha.

"Barua gani hizo, mwaitu?" Bado ananiita mwaitu, mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake. "Mama yako alikuwa bibi mzuri. Lakini hiyo miaka yote nilikaa Mtito, nikija nyumbani Krismasi tu, hakuniandikia neno moja tamu. Ni mbuzi na mbaazi tu."

Kisha akasema anazo zote, kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda, na Jumapili tukitoka kanisani nimsomee, labda kuna mahali alipita haraka. Leo ndiyo Jumapili. Kanisa limekwisha, yuko nje anangoja, na mimi nimejifungia humu eti natafuta miwani.

Miaka minne tangu tukuzike, na sijawahi kukwambia hili. Barua za baba zilikuja kwa sanduku la posta la shule, mwalimu mkuu akiita majina kwenye gwaride. Nilikuwa darasa la tano. Wewe hukusoma, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa macho yako na mkono wako. Baba aliandika kama mtu anayetoa amri: funga mbuzi mapema, kuna fisi. Mimi nilisoma hivyo, kisha nikaongeza cha kwangu: "Na kila jua likizama nakuwaza." Mikono yako ilisimama katikati ya ungo wa mbaazi. Ukasema, "Rudia hapo." Nikarudia, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kusahau maneno yenyewe, nikasema mazuri zaidi. Hicho ndicho kitabu changu cha kwanza, mama, na msomaji wake alikuwa wewe peke yako.

Hilo sijutii. Linaloniuma ni majibu.

Uliketi ukisokota kamba ya kiondo pajani, nami nikiwa na daftari. Ukasema, "Mwambie lile shati lake la kijani sijalifua. Nalilalia." Mkono wangu ukakwama. Kwetu mtoto habebi maneno ya namna hiyo kati ya mama yake na baba yake. Hiyo nthoni, hiyo haya, ulinifundisha wewe mwenyewe kabla sijajua a, e, i, o, u. Maneno niliyomtungia baba yalikuwa yangu, ya kubuni, hayakunichoma. Yako yalikuwa ya kweli. Nikaandika: "Shati la kijani liko salama." Ukasema, "Mwambie nikisikia lori nasimama, hata nikiwa na mtungi mgongoni." Nikaandika: "Lori zinapita siku hizi." Ukauliza, "Umeandika?" Nikasema nimeandika. Ukalamba bahasha kwa uangalifu, ukaifunga mwenyewe.

Sasa nione mimi. Naandika mabusu ya watu nisiowajua, wake za wazee wa kanisa wananisoma kwa siri, na sentensi yako moja siwezi kuitamka mbele ya baba. Tangu alfajiri nawaza njia rahisi. Haoni. Naweza kushika karatasi na kumsomea mambo matamu ya kichwani mwangu, kama nilivyokusomea wewe. Ningeweza kumliza. Lakini atakuwa amependwa na mimi, si na wewe.

Ananiita. Naenda.

Nimerudi. Nilimsomea ile ya shati kama ilivyo. Akasema, "Hiyo naikumbuka. Ilinikasirisha sana." Nikamwambia, "Baba, si hivyo alivyosema." Nikageuka nikatazama boma la mbuzi, nikamwambia yote, la kulalia na la mtungi, nikijisikia mtoto wa darasa la tano, masikio yakiwaka moto.

Nilifikiri atanifokea.

"Mbona hukuandika?"

"Niliona haya, baba."

"Na yeye, alijua hukuandika?"

"Hakujua."

"Kwa hivyo alikaa akingoja nijibu."

"Nilimjibu mimi," nikasema, nikamweleza na hilo la jua kuzama. Akaguna, akatikisa kichwa, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema, "Leta kalamu. Mwandikie mama yako, na saa hii usipunguze neno." Nilipokuwa tayari alikohoa, akaketi wima kama aliye mbele ya mkubwa wake wa kazi, akasema sentensi moja, akaingia ndani.

Pumzika, mama, nami nisamehe. Nayaandika hapa kama yalivyotoka kinywani mwake:

"Mwambie kama ningejua, singengoja Krismasi."

Ni mimi, binti yako, niliyekuwa mkono wako.