Kipande Alichokula Nekesa

Jumanne, 13 Mei
Palizi tena. Mistari kumi na miwili tangu asubuhi, mgongo umekuwa mbao. Saa tisa mchana kishindo upande wa mlimani, halafu mvumo mrefu. Mbwa wote wa Saboti wakabweka. Nyapara akasema ni baruti za machimbo ya mawe, tuendelee. Tukaendelea.

Jumatano, 14 Mei
Nimeokota jiwe jeusi kwenye mstari wangu. Ukubwa wa ngumi. Jepesi, limepasuka, ukucha unalikwaruza. Linanuka kama vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza, na lami kidogo. Nikatia mfukoni.

Nekesa, mpishi wetu, ana mimba ya miezi sita. Hula yale mawe laini ambayo wajawazito hununua sokoni. Akinipakulia githeri akasikia harufu.

"Mkamba, umeficha nini hapo? Lete, bana. Yangu yaliisha Jumapili."

Nikamvunjia kipande kama kidole gumba. Akatafuna, macho amefumba. Wenzangu wakacheka, ati nimeanza kuhonga bibi ya mtu kwa mawe. Nami nikacheka. Siku nyingi sikuwa nimecheka.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua. Nimefua, nguo hazikauki. Redio inasema kile kishindo cha Jumanne kilikuwa jiwe kutoka angani, na wataalamu wanatafuta vipande. Sikumwambia mtu. Nimelifunga langu kwa karatasi ya unga, nimelisukuma chini ya kitanda. Mwanamume wa miaka arobaini na moja naogopa jiwe.

Jumatatu, 19 Mei
Watu wa chuo kikuu wamefika shambani. Watano, wamevaa glavu. Wanatembea mstari kwa mstari kama sisi, ila hawana jembe. Mkubwa wao ni mama mwenye miwani, wanamwita daktari. Akatuomba tusilioshe jiwe wala kulishika kwa mkono mtupu. Likilowa linageuka tope. Akasema ndani yake mna vitu vyenye umri mkubwa kuliko dunia.

Nikampa langu. Akaangalia pale lilipovunjwa, halafu akaniangalia mimi. Nikasema lilivunjika lenyewe.

Jioni Nekesa aliosha sufuria bila kuimba. Nikamuuliza kuna nini. Akasema mtoto hachezi tangu jana, labda amelala.

Sikula.

Jumanne, 20 Mei
Haya, niandike. Mwikali wangu alipokuwa na mimba yetu ya mwisho, nilikuwa kwenye shamba hili hili. Akanipigia simu akasema mtoto hachezi. Nikamwambia apumzike, nitakuja palizi ikiisha. Nilipofika Kitui nikaonyeshwa mahali palipofukiwa. Miaka minne sasa. Kila palizi naisikia ile simu.

Saa nne nikaacha jembe, nikamwendea daktari mbele ya nyapara. Nikasema nilidanganya. Kipande kilichopungua kimeliwa na mwanamke mjamzito, na mimi ndiye niliyempa.

Nilidhani atanifokea. Akaketi juu ya ndoo. Akauliza ni kiasi gani. Nikaonyesha kidole gumba.

"Sijui, ndugu yangu," akasema. "Sijawahi kusikia mtu aliyelila. Lakini mtoto asiyecheza anahitaji hospitali, si mtu wa mawe. Yuko wapi huyo mama?"

Nekesa akakataa. "Na nani atapika? Nyinyi wanaume mmejulia wapi mambo ya tumbo langu?"

Nikamwambia habari za Mwikali. Huku shambani sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Akaweka mwiko chini, akaingia kwenye gari lao.

Likampeleka Kitale. Mimi nikarudishwa mstarini. Nilikata mahindi nikaacha magugu.

Jumatano, 21 Mei
Moyo wa mtoto unapiga. Wamesema Nekesa ana upungufu mkubwa wa damu, na kwamba ilikuwa vizuri hakungoja. Akitoka atakwenda kwa mama yake, kule Myanga, apumzike mpaka ajifungue. Hakuna aliyesema ni jiwe. Hakuna aliyesema si jiwe.

Nimepita pale nilipoliokota. Shimo dogo, lingetosha sahani. Magugu yameota kote isipokuwa hapo. Au ni macho yangu.

Jumatano, 10 Septemba
Daktari wa mawe amenitumia ujumbe. Wamemaliza kulipima. Ni aina inayoitwa kondraiti ya kaboni, haipatikani ovyo. Ndani mna udongo uliolowa maji kabla dunia haijakuwa dunia, na chembe za namna ile miili yetu hujijenga kwazo. Anashukuru nililitunza lisilowe. Uzito wake umeandikwa. Umeandikwa bila kile kipande.

Nimesoma mara nne. Miili yetu hujijenga kwazo. Nimezima simu.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimeomba ruhusa ya siku moja, nikafika Myanga. Nekesa amenawiri. Mtoto ni wa kiume, miezi miwili. Wamemwita Wafula kwa sababu alikuja na mvua.

"Shika mtoto wako wa mawe, Mkamba," Nekesa akaniambia, akicheka, akaingia jikoni kutengeneza chai.

Nikamshika. Mzito kuliko nilivyofikiri. Hakunitazama mimi, alitazama juu ya bega langu, juu kabisa. Nafikiri watoto wote hutazama hivyo. Wangu sikupata kumwona akitazama.

Vikombe vikagongana jikoni. Nikainama, nikanusa utosi wake, nikitafuta ile harufu ya jiwe.

Maziwa.

Nikanusa tena.