Zamu yake kuwa mwalimu mkuu

Mwenzangu, nimekaa kwenye ngazi za nje ya shule. Mwanao ameniumbua.

Unajua nafasi imebaki moja tu, na shule nyingine zote huku ugenini zinafunga kabla sijatoka kazini. Ndiyo maana wiki nzima tulifanya mazoezi ya usaili nyumbani. Mimi mwalimu mkuu, yeye mtoto, kisha tunabadilishana. Kosa langu ndilo hilo.

Maswali ya mwalimu mkuu kayajibu yote, tena kwa lugha yao, kunishinda hata mimi. Nikashusha pumzi.

Mara akashuka kitini, akazunguka meza, akamwambia yule mama, "Sasa zamu yangu. Nipishe."

Nipishe. Mwalimu mkuu mzima. Na akampisha.

Miaka mitano, yuko kwenye kiti cha ngozi, miguu inaning'inia. "Mtoto akilia hapa mnamfanyaje?"

"Tunambembeleza. Akizidi, tunampigia mama yake."

"Mama yangu hapokei simu akiwa kazini. Mbembelezeni sana."



Kisha akafunga faili la watu. "Asante kwa kuja. Tutakupigia." Vile vile ninavyomwambia nyumbani.

Subiri, shule wanapiga.

Nimerudi. Niliogopa kupokea, mwanao akanivuta mkono. "Pokea, mama. Mwambie amepita usaili."

Nikamwambia mwalimu mkuu hivyo hivyo, neno kwa neno. Halafu akasema, "Basi mwambie naanza naye Jumatatu."