Pua ya Mzimu wa Mti

Mwenzangu, uko? Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Unaukumbuka ule mzimu wa mti ninaojifunza kuuchonga, ile sura ya babu wa ndevu ndefu kwenye gogo, yule uliyesema anafanana na kiazi? Leo mama alipita uani na beseni la nguo, akasimama. Mama huyu huyu ambaye tangu tumzike baba hasemi na mtu.

Akasema, "Umemchonga baba yako."

Sikumchonga baba, nakuapia. Nilikuwa nahangaika na ndevu tu. Lakini mama akatua beseni, akakaa mbele ya gogo, akaanza kulisimulia habari za bomba linalovuja. Anaongea na gogo, unanielewa? Mama anaongea.

Na mimi na kimbelembele changu. Nikaona pua imekaa upande kidogo, nikasema ngoja niinyooshe. Fundi anayenifundisha kuchonga amenikanya mpaka amechoka: pua usiipige patasi kutoka chini, utakwenda kinyume cha nyuzi za mti. Nikagonga. Pua ikaruka nzima nzima.

Mama akaiokota, akaitazama. Akasema, "Hata huyu?"

Hata huyu. Halafu akaingia nayo ndani, akafunga mlango.

Nimempigia fundi. Anasema gundi haitashika, dawa ni kuuchimba uso wote urudi nyuma, pua nyingine itapatikana humo humo.

Sawa, itapatikana. Ila huyo atakuwa mzee mwingine, na mimi hata huyu wa kwanza sijui nilimpataje.