Nice Hakuwa na Mpira Mkononi

Kariakoo,
Jumapili jioni

Kaka Elibariki,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika. Natumaini mama anaendelea vizuri huko Moshi. Huku mvua imejaza maji Mtaa wa Kongo, na wifi Fortunata amehamishia vitenge vyake rafu za juu. Nilikwenda kumsaidia, akanigeuzia mgongo.

"Refa gani anamwangusha mtoto wa kaka yake?" aliwauliza wateja, na mimi nimesimama palepale.

Wewe ulikuwepo kwenye ile fainali ya softiboli. Mwanamize wa timu pinzani alikuwa anakimbilia besi ya mwisho. Binti yako Nice akasimama katikati ya njia yake, mpira ukiwa bado hewani. Angekuwa nao mkononi, ningemtetea. Hakuwa nao, na sheria hairuhusu kumzibia mkimbiaji bila mpira. Waligongana, nikampa Mwanamize pointi, na timu ya Nice ikafungwa. Mwanamize alivunjika mkono, mpaka leo umefungwa plasta.

Tangu siku hiyo ndugu wote wamenitenga. Jana Nice alikuja kwangu, akalia sana.

"Shangazi, sikutaka kumuumiza. Niliambiwa nimzibie."

Sikumuuliza aliambiwa na nani. Nilikuwa karibu, kaka. Nilikusikia ukipiga kelele: "Mzibie! Usimwachie njia!"

Nice hajakutaja kwa mtu, anakuogopa. Mimi nilinyamaza kwa kukuheshimu, na heshima hiyo imeniishia. Mpigie mkeo umwambie ukweli, kisha uende kwa mama yake Mwanamize. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na nitakutaja kwa jina.

Mdogo wako,
Josepha