Pale Kanda Ilipokatikia

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa figo ni mtu wa maneno machache. Kasema damu yangu na ya Dada zinakubaliana. Figo zangu zote mbili nzima, na moja inaweza kuhamia kwake bila mimi kupungukiwa na kitu. Nikataka kuruka pale pale kitini. Kisha akanitazama tumbo. Kwa unene huu, akasema, hawezi kunipasua, ataniua mimi kabla hajamponya yeye. Nipunguze kilo kumi na mbili, nirudi mwisho wa Juni.

Kumi na mbili! Huyo ni mtoto wa miaka miwili. Nimekuwa nikimbeba siku zote hizi bila kujua.

Nikampitia Dada kwenye mashine ya kusafisha damu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa — yuko hapo, mkono umenyooshwa, mirija miwili, na madaftari ya wanafunzi mapajani. Bado anasahihisha hesabu! Nilipomweleza alicheka mpaka nesi akaja kuangalia kama mashine ina tatizo. Eti Bonge apungue? Eti nisijisumbue, tumbo langu na figo zangu nibaki nazo mwenyewe.

Hanijui vizuri. Au ananijua vizuri mno, ndiyo maana anacheka.

Alhamisi, 6 Machi

Njaa. Njaa tupu.

Mke wangu ananipakulia kwenye kisahani cha chai. Soda hakuna. Sukari imefichwa — niliitafuta mpaka chini ya sinki, sikuipata. Yule mwanamke angefaa jeshini.

Kazini wamenicheka hadi machozi. Mimi fundi wa makochi, na miaka yote hii Tajiri ananitumia kama mtambo wa majaribio. Kochi likishawambwa naitwa, najitupa juu yake kwa kishindo. Springi zisipolia, linauzwa. Nilipomwambia Tajiri habari ya kilo kumi na mbili alikunja uso. Sasa nani atayapima makochi? Nikamwambia aanze kunenepa yeye.

Jumapili, 9 Machi

Daktari alisema tembea. Nikatembea. Nikafika kona ya kwanza, nikarudi. Si miguu, ni upweke! Mtu mzima anazungukaje mtaa bila kutumwa dukani?

Binti yangu kanihurumia. Baba, si utembee na muziki? Nikamwambia mimi na shangazi yako tunajua bendi moja tu duniani. Akaniuliza ipi, akabonyeza bonyeza simu yangu — zote zimo! Albamu zao zote! Vitu ambavyo sisi tulivipata kwa kubembeleza.

Enzi zile jirani alikuwa na santuri zao. Dada, yuko sekondari, akamwomba ruhusa, akarekodi kanda tano. Jirani akahama na santuri zake, tukabaki na kanda. Dada aliwapa wanabendi jina mwenyewe: Wazee wa Safari Ndefu. Kwa sababu wimbo wao mmoja unakula upande mzima wa santuri. Unaanza taratibu kama watu wanaoamka, katikati vurugu, kinanda kinagombana na gitaa, halafu mnajikuta mahali pengine kabisa na hamjui mmefikaje. Wenzetu walicheza dansi. Sisi tulikaa sakafuni tukihesabu mapigo.

Basi nimejiwekea sheria. Kila siku wimbo mmoja mrefu, na hakuna kusimama mpaka wimbo uishe. Kwa bendi nyingine ni mchezo. Kwa hawa Wazee ni adhabu.

Jumapili, 16 Machi

Nasema hapa na sirudi nyuma: yule mpiga dramu si binadamu wa kawaida.

Leo ilikuwa albamu ya kwanza, ile yenye ngazi kwenye jalada. Ule wimbo unaohesabiwa saba saba. Nilianza na mguu wa kushoto kwenye moja. Duru ya pili, moja ikaangukia mguu wa kulia! Ya tatu, kushoto tena. Nikababaika, nikajikwaa mbele ya duka la vipuri, wauzaji wakanipigia makofi. Nikajitia hamnazo, nikaendelea. Kufika nusu nilikuwa nimeshaelewa — usihesabu kwa miguu, uache mwili ufuate. Yeye anakupeleka! Anagonga kidogo tu, mahali ambapo hukumtarajia, na mwili mzito kama wangu unainuka. Nilikuwa naruka, jamani. Mimi!

Miaka yote nilimsikiliza nimekaa. Nilikuwa namsikia nusu.

Jumatano, 26 Machi

Kilo tatu zimekwenda. Mke wangu kanipima mara mbili kwa kutoamini.

Nimempelekea Dada habari. Hakuniuliza kilo, kaniuliza nasikiliza ipi. Tukaongea Wazee mpaka mashine ikapiga kengele ya mwisho. Anakumbuka kila kitu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu saba, kwa kunigonga magotini. Na kama kawaida yake akarudi kwenye wimbo wa kanda ya nne, anaosema ndio mkubwa kuliko zote. Ule unaopanda, unapanda, dramu zinaingia, kinanda kinakaribia kupasuka, halafu — tak! Kimya. Hakuna kufifia, hakuna kwaheri.

Kasema tena maneno yale yale aliyoniambia nikiwa na miaka tisa. Wengine wote wanakumalizia wimbo, hawa wanakuamini. Wanakuachia hapo juu, ushuke mwenyewe.

Nikiwa mdogo niliogopa ile tak. Baadaye nikaipenda, kwa sababu yake.

Ijumaa, 4 Aprili

Albamu ya pili. Jalada lina kiti kimoja katikati ya uwanja mtupu. Sijawahi kuliona jalada lenyewe, kanda zetu Dada alizichorea mwenyewe kwa kalamu za rangi. Leo nimeliona kwenye simu. Kiti kimewambwa vibaya! Kitambaa kimejikunja pembeni, vifungo haviko kwenye mstari. Kiti cha Dada kilikuwa kizuri zaidi.

Muziki lakini — hapana, muziki sina la kuusema. Besi ile inatembea chini ya wimbo mzima kama mtu anayekagua nyumba chumba kwa chumba. Nilizunguka mtaa mara moja zaidi kwa ajili yake tu.

Mwenye duka la vipuri sasa ananisalimia. Bonge Mwendo, ndiyo jina langu jipya.

Jumamosi, 19 Aprili

Keki. Vipande vinne. Binti wa Tajiri kamaliza chuo. Sitaki kuongea.

Jumanne, 29 Aprili

Mizani imegoma wiki mbili. Nilikasirika nikataka kuitupa nje. Mtaalamu wa lishe kasema ni kawaida, mwili unajitetea. Unajitetea dhidi ya nani? Mimi ndiye mwenyewe!

Albamu ya tatu haijanisaidia. Hata Wazee wana siku zao. Dakika kumi za filimbi. Nimewasamehe, lakini nimeandika.

Jumapili, 11 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Leo ilikuwa zamu ya albamu ya nne. Nilikuwa nimeuhifadhi ule wimbo kama mtu anavyobakiza nyama mwisho wa sahani. Nikaupangia njia, nikijua urefu wake kwa kanda yetu, ili ile tak inikute mlangoni kwangu. Nikatoka asubuhi, hewa safi, mwili mwepesi. Unapanda, unapanda. Nikaingia mtaa wetu na dramu. Nikashika kitasa na kinanda kile juu kabisa, nikakaza meno, nikangoja.

Haukukatika.

Kinanda kikapasuka kweli. Kikapasuka, na ndani yake mkatoka sauti moja ya mtu, taratibu, bila chombo chochote. Nikadhani simu imeharibika. Kisha gitaa likaingia na ile sauti ya mwanzoni mwa wimbo, ya watu wanaoamka, lakini sasa polepole, kama watu wale wale wamezeeka. Halafu mmoja mmoja wakarudi wote. Na mpiga dramu wangu, yule aliyekuwa akigonga saba kwa hasira, akagonga saba zile zile kwa upole, kwa brashi. Nikiwa bado nimeshika kitasa!

Sheria ni sheria. Nikageuka, nikazunguka mtaa tena. Nililia njia nzima, sioni haya kuandika. Mwenye vipuri kaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Na nimekumbuka! Siku ile Dada anarekodi, mama alimwita kuosha vyombo. Nilikuwa pale, niliambiwa nisiguse kitu. Aliporudi kanda imesimama, na santuri nayo imeshafika mwisho inazunguka bure. Kanda ilimwishia! Hakuna aliyekata. Hakuna aliyetuamini wala kutuachia. Ni vyombo tu.

Jumatatu, 12 Mei

Nilikwenda hospitali nimejaa kama puto. Nilipomwona amelala, nikageuka nikarudi nyumbani.

Nitamwambiaje? Amewafundisha watoto wa watu miaka yote kwa mfano wa ile tak. Mchumba wake wa zamani alimwacha kwa sababu ya ubishi juu ya ile tak — basi, si kwa sababu hiyo tu, lakini ilichangia.

Mke wangu kasema mwambie acheke. Binti yangu kasema usimwambie kitu. Nimewaambia wote wawili wapike.

Jumatano, 4 Juni

Siku mbaya. Presha ya Dada ilishuka akiwa kwenye mashine, manesi wakakimbia. Baadaye alitulia, midomo mikavu. Leo hakuwa na madaftari.

Nikamwambia zimebaki kilo mbili na nusu tu. Nikasimama nigeuke anione, suruali imefungwa kwa kamba ya kochi. Akatabasamu. Kisha akasema, mdogo wangu, nisikilize. Hata ukifika hizo kilo, mimi sisaini karatasi ya kupokea figo. Una mke, una mtoto wa kusomesha, sitaki wakukate kwa ajili yangu. Mimi nimefika juu pazuri. Nikikatika hapa, nimekatika kama wimbo wetu. Tak. Na ulikuwa mzuri, si ndiyo?

Nikaitikia kwa kichwa kama mjinga.

Nimetembea kurudi nyumbani bila muziki. Nina hasira. Si naye. Nina hasira na sinki la vyombo la mama, na kanda, na mimi mwenyewe kuitikia kwa kichwa. Anakufa kwa kufuata mfano wa kitu ambacho hakikuwepo.

Lakini nimemwazia pia msichana wa sekondari anayerudi na mikono imelowa maji, anakuta kimya, na badala ya kusema kanda imeniharibikia, anasema hawa watu ni wakubwa. Na anajenga juu ya kimya hicho maisha mazima, bila woga! Wazee walitunga wimbo. Ile tak kaitunga Dada. Sijui nani kanishangaza zaidi.

Jumapili, 22 Juni

Imebaki kilo moja na kidogo. Nimekula tango. Tango!

Tajiri kaniita nijitupe juu ya kochi jipya. Nikajitupa. Springi hazikusema kitu. Kanitazama kwa huzuni, akasema siwezi kukuamini tena. Kamwita dereva wa gari la mizigo ajitupe yeye.

Nimeamua. Sitabishana na Dada, hajawahi kushindwa ubishi. Nitaweka wimbo masikioni mwake, basi.

Jumatatu, 30 Juni

Hospitali. Nipo kwenye benchi la korido, naandika juu ya goti. Mbele yangu mlango wa chumba cha mizani, foleni ya watu wawili. Mkono wa kushoto kuna ukuta wa kioo, na nyuma yake Dada yuko kwenye mashine yake.

Nimemvalisha hedifoni za binti yangu. Nikamwambia sikiliza wimbo wetu mpaka mwisho. Akasema mwisho wake naujua, si ni mimi niliyekufundisha? Nikasema ndiyo, Dada. Nikatoka haraka kabla sijaharibu.

Asubuhi nyumbani mizani iligoma kusema kweli. Mara nimefika, mara bado nusu kilo. Sijanywa hata maji. Daktari kasema leo ndiyo leo, na karatasi ya Dada ya kusaini ipo mezani kwake, tupu.

Hakuna haja ya saa, wimbo wote ninao kichwani. Sasa hivi wapo kwenye vurugu. Dada amefumba macho. Mguu wake unagonga chini ya shuka, naona shuka linacheza.

Foleni amebaki mmoja.

Unapanda. Moyo wangu huu utaniongezea uzito. Dramu hizo. Kinanda. Ameinua mkono wake usio na mirija, anaupeleka sikioni, tayari kuvua. Ndivyo alivyokuwa anafanya sakafuni kwetu, kidole juu ya kitufe, anangoja —

Mkono umesimama.

Amefumbua macho. Hanitazami mimi, anatazama dari. Mdomo wazi kidogo. Mkono bado uko hewani, hajui auweke wapi.

Nesi katoka, kasema ni zamu yangu, nivue viatu niingie. Nimemwambia anisubiri kidogo, wimbo haujaisha. Anaangalia huku na huku, ananiuliza wimbo gani, mbona hasikii kitu.

Nimevua kimoja. Dada ameshusha mkono juu ya shuka. Kidole kimeanza kugonga. Moja, mbili, tatu — anahesabu! — nne, tano —