Walifuta Programu Yako, Kaka Shabani

Kaka Shabani,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kiti chako hapa masijala ya ardhi, na nina hasira. Tangu tukuzike kwenu Kondoa nilikuwa sijalia tena. Leo nimelia, na si kwa huzuni.

Walifuta programu yako. Ile uliyoiandika mwenyewe: juu inaonyesha mafaili yamejipanga kama kwenye rafu, chini kuna mstari wa kuandika amri. Hata arobaini yako haijapita vizuri, mkuu wetu Bwana Lukasi akaleta mtaalamu kutoka Dar na kompyuta mpya za kubofya picha. Mtaalamu akaangalia kazi yako, akacheka. "Siku hizi nani anaandika amri, dada? Huu ni ushamba." Mbele ya ofisi nzima! Akafuta, na mimi nimesimama nyuma yake kama sanamu. Nisamehe kwa hilo.

Sikatai, picha ni nzuri. Hata wewe ulizipenda, ndiyo maana juu uliweka ile rafu. Lakini unakumbuka nilivyoiogopa ile skrini nyeusi? "Rehema, angalia juu, andika chini," ulikuwa ukiniambia. Ukanifundisha nyota: ukisahau jina la faili, andika herufi unazokumbuka, weka nyota, mashine itatafuta yenyewe. Nikakuuliza kama nyota inafaa pia kwa waume waliopotea. Ulicheka mpaka ukamwaga chai kwenye kibodi, tukashinda mchana mzima tunaipepea kwa magazeti.

Sasa sikia. Wiki iliyopita alikuja Mama Chiku wa Mkonze, mjane. Shemeji yake anataka kumtoa kwenye kiwanja, na shauri linasikilizwa kesho yake. Jalada lake la karatasi liliharibika mvua ilipovuja masijala. Iliyobaki ni ile kumbukumbu uliyoiingiza wewe kwenye kompyuta. Mtaalamu akabofya folda ya Mkonze. Tupu. Akafungua, akafunga, akafungua. Mwisho akamwambia, "Labda kiwanja chako hakikuandikishwa."

Labda! Kaka, labda! Mama wa watu akakaa chini sakafuni.

Nikatoa kwenye mkoba disketi yako yenye nakala ya programu. Sikuomba ruhusa. Nikaandika herufi tatu za Mkonze, nikaweka nyota, nikaiamuru mashine itafute diski nzima. Mafaili hayo, yote, yamelala ndani ya folda ya Miyuji, mtaa mwingine kabisa! Aliyaburuta kwa mausi bila kujua, halafu akathubutu kumwambia mjane hana kiwanja. Nikachapa kumbukumbu yake, nikamkabidhi mkononi. Shauri ameshinda.

Kilichoniuma zaidi ni kikao cha Jumatatu. Bwana Lukasi akasimama kumpongeza mtaalamu kwa "kuokoa kumbukumbu za wananchi". Watu wakapiga makofi. Nikasimama, mimi ambaye vikaoni kazi yangu ni kuandika muhtasari tu. Nikasema aliyeziokoa ni marehemu Shabani, na aliyezipoteza ndiye huyo mnayempigia makofi. Jioni nikapewa barua ya onyo kwa utovu wa adabu.

Kesho yake mtaalamu mwenyewe akaja mezani kwangu, ananong'ona: "Dada, hiyo nyota unaiwekaje?" Nilitaka kumfukuza. Nilimwonyesha, kwa sababu mikono yake ndiyo inashika viwanja vya watu. Tukairudisha programu yako kwenye kompyuta zote, pamoja na picha zao. Anayetaka kubofya abofye, anayetaka kuandika aandike. Ila jina lako wamekataa kuliweka kwenye programu. Eti si utaratibu.

Haya. Barua ya onyo inataka majibu ya maandishi, na nimeshaanza kuyaandika. Siombi radhi. Nimeeleza kila kitu: nani aliandika programu, nani aliifuta, nani alikaa sakafuni. Majibu hayo yataingia kwenye jalada langu la utumishi, na utaratibu wao wenyewe unawakataza kunyofoa ukurasa humo.

Pumzika, kaka yangu. Mwenyezi Mungu akupokee kwa upole uliokuwa nao kwetu. Nakuahidi jina lako nitaliandika kamili, la baba na la babu, kwa wino.

Rehema